Mteja wa Miwani

Dada yangu,

Sisi wazima. Yale mapazia uliyotuma yalikuwa marefu kuliko dirisha, nimeyapunguza. Kazini ni kule kule, kuuza miwani na kutabasamu. Bosi anataka kila mteja mzee aitwe baba au mama, na nimeshazoea; si unajua biashara ni lugha.

Juzi aliingia baba yetu. Nilimjua kwa sauti kabla sijainua uso. Yeye hakunitambua, macho yamemwisha. Wazee waliomtangulia niliwaita baba. Yeye nilimwambia, "Karibu, mteja."

Akamgeukia bosi. "Wenzangu wote ni baba, mimi tu ndiye mteja? Nimemkosea nini binti huyu?"

Bosi akanikazia macho. "Hebu mwombe radhi mzee."

"Samahani, baba," nikasema, mara ya kwanza tangu alipotukimbia.

Akajibu kama wazee wote wanavyojibu pale kaunta: "Haidhuru, mwanangu."

Mama usimwambie kwanza. Miwani ya mzee itakuwa tayari Ijumaa, na anayewavalisha wateja ni mimi.

Wasalimie wanao.

Mdogo wako