Kwa Bagula na Watoto Wake

Louisville, Kentucky
Tarehe 8 Machi 2015

Kwa yaya yangu mpendwa, kaka yangu Murhula,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Grâce na watoto, na kwamba theluji ya Buffalo imewaachia walau njia ya kufika kazini. Sisi huku tunaendelea. Baba mdogo Gaspari bado anapelekwa hospitali kusafishwa damu. Akirudi hulala tu, lakini utani haujamwisha: juzi alimwambia nesi kwamba damu yake sasa ni safi kuliko ya askofu. Mama anasumbuliwa na miguu. Mimi bado niko kwenye lile ghala la vifurushi, mgongo wangu unalifahamu vizuri.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Nikianza kuongea nitalia tu, na sitaki wanao wayasikie haya kwenye spika.

Josiane, yule tuliyekaa naye jirani kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, siku hizi anaishi Linden, kule Columbus. Mwezi uliopita alinipigia akasema kanisani kwao alikuja mama mmoja Mmarekani, Madame Theodosia. Kazi yake ni kufuatilia historia ya vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono: nani alikuwa navyo, na vilimfikiaje mwingine. Alikuwa anatafuta watu waliotoka misheni yetu. Josiane, unavyomjua, hakusubiri kuulizwa mara mbili, akampa namba yangu na yako. Huyo mama aliponipigia alitaja kitabu kidogo cha sala, chenye picha za dhahabu. Yaya, nilikifikiria kile cha baba. Sikumwambia lolote zaidi ya kwamba nakuja, maana nilitaka kwanza nikione.

Nilipanda basi hadi Columbus nikiwa na karatasi zangu zote kwenye bahasha, nikiimba moyoni. Chumba chenyewe cha maktaba kina baridi kuliko ghala letu. Madame Theodosia alikilaza kitabu juu ya mto mdogo, akakifungua. Ni chenyewe. Bikira Maria yuleyule mwenye vazi la buluu, na ile ngozi ya ndama ambayo baba hakuigusa mpaka anawe kwa sabuni na kukausha mikono juu ya makaa. Wewe ulikuwa unamcheka, unasema hata mama hashikwi kwa heshima ile.

Madame alinionyesha safari yake yote. Ukurasa wa kwanza kuna jina la mtawa wa Ufaransa, lililokwanguliwa kwa kisu karne nyingi zilizopita. Alilimulika kwa taa ya zambarau, likaonekana. Kuna ngao ya ukoo mmoja wa matajiri iliyochorwa juu ya ngao ya ukoo mwingine. Kila aliyekipata alimfuta aliyemtangulia. Kisha kikafika kwa wazazi wa Padri Lambert wa misheni yetu, naye akaja nacho Kongo. Mwishoni kabisa, kwa Kifaransa, padri ameandika kwamba kitabu hiki cha ukoo wake anampa katekista wake Bagula, kiwe chake na cha watoto wake. Chini kuna sahihi na mwaka 1996. Baada ya hapo kuna pengo, hakijulikani kilikuwa wapi, halafu kinaonekana kwa mfanyabiashara wa Brussels, halafu kwa daktari mmoja wa huko kwenu Buffalo, ambaye mjane wake alikitoa kwa maktaba.

Baba alipewa, yaya. Hakuiba. Alipouawa njiani kwenda Bukavu na kitabu kisionekane, paroko mpya alisimama altareni akasema Bagula aliiba mali ya misheni na alikuwa anaenda kuiuza. Tukamzika bila misa, yeye aliyewafundisha sala nusu ya waliokuwa wakitutazama. Mama amekuwa mke wa mwizi tangu siku ile. Nilitaka kupiga magoti mle chumbani.

Madame akasema maandishi peke yake hayatoshi. Kuna wauzaji huandika maneno kama hayo ili kusafisha kitu cha wizi, na hajapata mtu wa kumthibitishia kwamba huyo Bagula alikuwepo na alikuwa nani. Akipatikana mtoto wake, akaapa kwa maandishi na kuonyesha karatasi zake, kitabu kitarudishwa kwa familia, na maktaba itamwandikia askofu. Akanisogezea kalamu. Mimi nikafungua bahasha yangu.

Baba: Gaspari. Kila karatasi, yaya, yangu na yako. Mama: mke wa Gaspari.

Unakumbuka siku ile Nakivale. Mzungu wa mafaili aliuliza baba wa watoto hawa ni nani, na baba mdogo akainua mkono. Hatukudanganya. Baba alikuwa amekufa, mdogo wake ndiye baba, kwetu hakuna namna nyingine ya kusema. Na majina yetu, kila mtoto na lake, hayangeonyesha kitu. Nani angejua kwamba Amerika baba ni mmoja tu?

Niliomba ruhusa nikatoka koridoni, nikampigia yule mzee anayetujazia fomu kanisani. Akasema nisiguse hata herufi moja. Anajua familia iliyofunguliwa faili upya kwa jambo la namna hii, wote wakapelekwa kotini kama watu walioingia kwa uongo. Nikamwambia kwamba wewe una mahojiano yako ya uraia mwezi ujao. Akasema hata ukishaupata wanaweza kuutengua. Nikamfikiria na baba mdogo na mashine yake ya damu: wakiturudisha Kongo, nani atamsafisha damu kule?

Nikarudi ndani nikamwambia Madame kwamba nimekosea njia. Akaniuliza polepole kama kweli simjui Bagula huyo. Nikasema simjui, baba yangu anaitwa Gaspari, na nikamwonyesha karatasi. Alikifunga kitabu, akanishukuru kwa kuja kutoka mbali. Nikapanda basi kurudi Louisville.

Mama nilimweleza yote. Aliuliza kama kweli padri ameandika kwamba alimpa. Nikasema ndiyo. Nikamwambia nitarudi Columbus nikaseme ukweli, liwalo na liwe. Akanishika mkono akasema: "Baba yenu alishakufaka, Nzigire. Murhula iko hai. Donc, basi, unyamaze." Tangu hapo anakunywa chai tu, chakula hagusi.

Sasa ndiyo sababu ya barua hii. Madame Theodosia anakuja Buffalo kuonana na yule mjane, na atakutafuta, jina lako analo. Atakuonyesha picha ya maandishi ya padri. Utaona jina la baba, na sisi tumetajwa pale, watoto wake. Nakuomba, yaya, mimi mdogo wako niliyekuwa nabebwa mgongoni mwa baba, sema humjui. Ukisema ukweli, tumekwisha sote. Ukisema humjui, wataandika kwamba kitabu hakina mwenyewe, na baba atabaki mwizi. Nimetafuta njia ya tatu mpaka kichwa kinauma, sijaiona. Nisamehe kwa kukuomba kitu kama hiki.

Msalimie sana wifi Grâce. Mama anawaombea, na baba mdogo anasema umtumie picha za watoto. Hao watoto usiwaambie neno, kwa sababu wanasimulia kila kitu shuleni. Waache wamwite Gaspari babu yao, na wakikuuliza kama alikuwepo mwingine, waambie hapana.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Nzigire