Nilimgusa Malkia

Taqwa, nimeshindwa. Mchezo wa sataranji ulikuwa wangu kabisa!

Malkia wangu alikuwa amekaa kombo, nikamnyoosha kwa kidole. Kidole tu, Taqwa! Shakib, niliyekuwa nacheza naye, akasema, "Umegusa, cheza."

Nikadhani anatania. Nikamwita mwamuzi. Eti kwenye mashindano ukitaka kunyoosha kete, useme kwanza "naweka sawa." Usiposema, uliyoigusa ndiyo utaicheza. Na popote ningempeleka malkia, angeliwa.

Kidole tu!

Nimempigia baba, si unajua amelazwa Mulago, alikuwa anasubiri simu yangu. Kule kambini, alikonifundisha kucheza, tulikuwa tunanyoosha kete kimya kimya, yeye na mimi.

Nikamweleza yote. Akasema, "Nisamehe, Ayaa. Sikukufundisha kusema."

Taqwa, yeye, na dripu mkononi, ndiye ananiomba msamaha.