Kamba Yako Imefika Kariakoo

Wifi Rehema,

Habari za huko kwenye vumbi? Huku nalowa jasho hata nikiwa nimekaa.

Ile kamba uliyonilazimisha kubeba, unayopimia kisima chetu na kuifunga kitambaa kila mwezi maji yalipofikia, nilikuwa naicheka. Leo nimeingia duka la pampu Kariakoo, nikaomba kubwa kuliko zote. Muuzaji akauliza, "Kiangazi maji yanashuka hadi wapi?" Nikatoa kamba. Tukainyoosha kando ya barabara, kutoka mlangoni kwake mpaka kwa muuza miwa, wenye mikokoteni wakasimama kutupisha. Akapima kitambaa kimoja kimoja, mpaka kile chekundu cha Oktoba.

"Kubwa itawakaushia kisima, dada. Chukua hii ndogo, mmwagilie kidogo kidogo, mtavuka kiangazi."

Halafu akauliza ni mtaalamu gani aliyepima. Nikamwambia ni wifi yangu, analima vitunguu.

Nimekununulia kitenge. Ukikuta pindo limechanwa usinune. Kipande hicho ndicho kitambaa cha kamba cha mwezi huu, na safari hii nitakifunga mimi.

Wifi yako anayekupenda,
Zuhura