Nilisema Nimemsamehe

Jumatatu, 3 Machi
Habari za siku mbili tatu, daftari langu? U mzima? Mimi mzima, ila mgongo. Leo kazini, kwenye nyumba ya wazee, nimeogesha sita. Bibi mmoja kanitemea uji, nikacheka, nikampangusa. Hilo halikuniudhi. Kisha ikaingia simu ya Rebeka, mwanasheria wangu. Rufaa yangu inasikilizwa Jumatano ijayo. Miaka mitatu nangoja serikali ya huku inipe hifadhi ya ukimbizi, sasa zimebaki siku tisa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimetoka kwa Rebeka. Mkalimani kanisomea tena ile barua ya kukataliwa. Eti naweza kurudishwa Burundi, kwa sababu mwenyewe nilisema simwogopi Gaspari.
Nilisema, ndiyo! Gaspari ndiye aliyekuja na vijana wake wakamtoa mume wangu ndani. Nilimwona. Nikamtaja kwa polisi. Mume wangu hakurudi, na Gaspari leo ni mkubwa wa serikali pale kwetu.
Afisa wa uhamiaji, kijana tu, aliponiuliza habari zake, mimi nikadhani napewa nafasi ya kushuhudia. Nikainuka kwenye kiti kama kanisani. Nikasema nimemsamehe, Bwana ameniondolea hofu yote. Nikangoja yule kijana aseme amina. Akaandika tu.
Ushuhuda wangu wameugeuza kamba ya kunifungia. Nina hasira.

Jumamosi, 8 Machi
Tumegombana na Jeni, mdogo wangu. Naishi kwake hapa mtaa wa Macquarie Fields, huku ugenini.
"Dada, sema unaogopa, yaishe. Kanisa utalikuta palepale Jumapili."
"Nimkane Mungu mbele ya wazungu?"
"Ukipandishwa ndege utashuhudia kwa Gaspari basi!"
Nikamjibu kwamba yeye visa ilimfuata kulekule kambi ya wakimbizi, hana la kunifundisha. Vibaya sana. Kajifungia chumbani. Wali umeungua, nimekwangua sufuria kama nampiga mtu.

Jumapili, 9 Machi
Mchungaji kauliza nani ana neno. Nikatazama viatu vyangu.
Mungu naye nimemkasirikia. Naandika hivyohivyo. Mwenyewe amenifundisha kusamehe, miaka nalia, halafu nirudishwe kwa sababu hiyohiyo?

Jumanne, 11 Machi
Nimefunga. Maji tu. Gauni la bluu nimelipiga pasi mara mbili.

Jumatano, 12 Machi
Jeni kaomba ruhusa kazini, kanisindikiza. Kwenye treni alikuwa bado kanuna, lakini begi langu kalibeba yeye.
Anayeamua rufaa ni mama wa makamo, mwenye miwani, mpole. Upole wake ukanichoma zaidi.
"Uliposema huogopi, ulisema kweli?"
"Kweli."
Rebeka akafumba macho.
"Leo barua ya mwanasheria wako inasema unaogopa. Tushike lipi?"
Hapo nikapandwa na hasira. Nikasema, mama, shika yote mawili. Ile hofu ya kukaa na chuki moyoni, Mungu kaitoa. Mimi nimemsamehe Gaspari. Gaspari hajanisamehe mimi! Nilimtaja jina. Mwaka jana kaenda kwa kaka yangu, kakaa, kanywa soda yake, kauliza taratibu: "Dada yako anarudi lini?" Nikamuuliza yule mama, wewe ungerudi?
Mkalimani akasita. Nikamwambia atafsiri vilevile, na sauti yangu ilivyo.
Mama akavuta karatasi. Aliandika muda mrefu. Akasema uamuzi utatumwa.
Nje, Jeni kanishika mkono. "Umempigia kelele hakimu, dada." Akaanza kucheka. Mimi sikuweza. Nilikuwa bado na maneno mengi ambayo hayakuulizwa.

Jumatatu, 17 Machi
Hakuna kitu. Kila simu ikilia kazini nakimbilia kuitazama. Nimemfokea mwenzangu wa shifti kwa ajili ya shuka. Nimemwomba radhi. Hasira haijaisha, imekaa tu.

Ijumaa, 28 Machi
Bado. Rebeka anasema yaweza kuwa wiki, yaweza kuwa miezi.
Asubuhi Jeni kaniletea chai ya tangawizi kitandani. Asante, mdogo wangu, na unisamehe lile neno la kambi. Kasema ameshasahau. Hajasahau, ila kakaa mpaka nikamaliza kikombe.
Leo nimeweza kumwombea Gaspari. Nimemwombea afya. Nimeomba pia abaki huko aliko, nami nibaki huku.
Baba, mimi nimeshasema yangu yote. Naomba unijibu mapema.