Muhogo Nyuma ya Jiko la Rehema

Mama,

Tangu tukuzike hapa Golbanti, mihogo yetu haifai. Ukiing'oa, kwa nje ni mizima. Ukiikata, ndani ni kahawia tupu. Ile uliyokuwa ukinipikia kwa nazi kabla sijaenda shule, siipati tena.

Nilipata kibarua Garsen, kwenye shamba la majaribio. Watafiti walikuwa wamerekebisha kitu kidogo ndani ya muhogo ili ugonjwa huu usiupate. Mimi nilipalilia, na ufunguo wa lango nilishika mimi. Mama, ile mihogo ilistawi. Tuliikata ikawa nyeupe mpaka katikati. Lakini sheria ilikataza hata jani moja litoke nje ya uzio kabla serikali haijaidhinisha. Na huku nyumbani watu walisema inafunga uzazi. Nikifika mtoni kuteka maji, wanawake wananyamaza.

Kisha waliopinga mbegu hizo wakashtaki, mahakama ikasimamisha kazi. Tukang'oa yote, tukachoma. Watu walisimama nje ya uzio wakitazama, wengine wana njaa. Mdogo wako Rehema alikuwepo. Akaniuliza, "Kama ni mizuri, mbona mnaichoma?"

Nikatupa fungu jingine motoni.

Juzi nilikwenda kumjulia hali. Nyuma ya jiko lake nikaona muhogo, majani safi, hauna hata doa. Hapa kwetu hakuna muhogo wa namna hiyo; ule ulitoka ndani ya uzio wa Garsen. Akaona ninapotazama. Akasema polepole, "Wajukuu wangu watakula nini, mwanangu?"

Tangu hapo nikisikia pikipiki nashtuka, nadhani ni wakaguzi. Nikisema, watamkamata. Nikinyamaza, watanikamata mimi niliyeshika ufunguo. Majirani wakijua, sijui watamfanya nini. Halafu kuna hofu nyingine, Mama, hii sijamwambia mtu. Itakuwaje kama wanayosema watu juu ya uzazi ni kweli? Nimeulea muhogo ule kwa mikono yangu na sijawahi kuuonja.

Jana nilimsihi mama mdogo aung'oe. Akaitikia, "Haya." Leo nimepita, bado umesimama, na ameupalilia.

Sitamchongea mdogo wako. Hilo nakuahidi. Wakija kuuliza, nitasema niliupanda mimi.

Pumzika, Mama. Usimkasirikie. Wala usinikasirikie mimi.

Mwanao,
Maria