Niliwaambia Ni Pomadi, Kumbe Ni Mimba

Bwera, 1974

Mupendwa Mama Naome mushauri,

Nakuomba usome hii barua ukiwa umekaa, na kama utacheka ucheke pole pole, maana iko mambo ya haya na miye nimechoka kuibeba peke yangu.

Jina yangu ni Kaswera, kwetu ni Butembo ngambo ya mpaka, niko hapa Bwera na bwana yangu Sosthène mwaka ya tano sasa, nauzisha vitenge na mawese ku soko. Mambo ilianza wakati nilibeba mimba yangu ya kwanza. Ilikuwa miezi mbili tu, tumbo haionekane, lakini ngozi, mama, ngozi ilikuwa laini, uso ikaanza kuwaka kama sufuria mupya, hata Sosthène akawa anarudi nyumbani mapema bila kuitwa. Jirani yangu wa meza, Mariat, anauzisha samaki ya kukauka, akanishika shavu mbele ya batu: "Kaswera, unapaka nini?" Sasa miye ningejibu nini? Mimba ya miezi mbili haitangazwe ku soko, unajua macho ya batu. Nikasema, "Napaka pomadi ya kwetu Butembo." Ilitoka tu ku kinywa, sikuipanga.

Siku ya soko yenye ilifuata, nikakuta bamama banane bananingojea ku meza, kila moja anataka pomadi. Na unajua siku hizi ku maduka mafuta ya ngozi haiko, hata sabuni tunapigania. Nikarudi nyumbani, nikachemsha mawese mpaka wekundu ikaisha, nikatia nta ya nyuki, nikatia majani ya mchaichai sababu ya harufu, nikamimina ndani ya mikebe ya dawa ya viatu. Niliisugua mikebe, mama, lakini siku fulani mama moja alilalamika uso yake inanuka buti ya askari. Nikamwambia ndiyo dalili pomadi iko na nguvu.

Ikaenda sana! Miye kila mwezi nazidi kung'aa, bamama banatazama uso yangu banachukua mikebe. Tumbo ikatoka, nikafikiri sasa bataelewa. Hapana, bakasema kumbe pomadi ya Kaswera inaleta na mimba!

Nikazaa mutoto wangu Elise, yuko muzuri, ananyonya kama ndama. Lakini miye nikaharibika. Uso ilishapata mabaka nyeusi tangu mwezi ya nane, ikabaki. Nywele ya mbele inaanguka, nikichana kitana inajaa. Tumbo usiulize, iko na michirizi kama shamba mupya ya viazi. Mutu wa pomadi anaweza kusimama ku soko na uso kama hiyo? Nikafunga kitambaa kuanzia kidevu mpaka kichwa, nikasema jino inaniuma.

Hapo nikajitafutia taabu. Juma ya kwanza bamama baliniletea karafuu. Juma ya pili baliniletea mizizi ya kutafuna. Juma ya tatu Mariat, kwa sababu ya roho yake muzuri, akamuleta Katembo kutoka Kikorongo, zamani alikuwa askari, sasa anang'oa meno kando ya barabara. Akasimama mbele yangu na koleo yake.

"Fungua kinywa! Wapi inauma?"

Soko yote inatazama. Ningesema nini? Nikaonyesha jino yoyote. Akavuta mpaka nikaona babu zangu bote. Jino ikatoka nzima, nyeupe, Katembo akaigeuza juani, akasema, "Hii jino haina ugonjwa." Mariat akasema, "Ugonjwa iko ndani." Nikalipa jino nzima juu ya uongo, mama, na kitambaa sikuweza kuitoa, nikasema sasa inauma ya pili.

Kisha iko Feresita wa Karambi, muke ya Zedekia, mukulima wa kahawa. Balikaa miaka nane bila mutoto. Alipaka pomadi yangu miezi tatu, akabeba mimba, akacheza ngoma ku meza yangu, na tangu siku ile bamama banashuka ku malori kutoka hata Kitswamba banataka pomadi ya mimba. Sasa Feresita iko mwezi ya nane. Ku materinite, kule banapima mimba, hakuenda hata mara moja, anasema pomadi inamutosha. Na kweli anapendeza kuliko miye siku zangu, uso imejaa, inang'aa, miguu imenenepa mpaka viatu haviingie, pete ya ndoa imezama ku kidole. Bamama bote banamwonea wivu. Jumamosi alinunua mikebe mbili apake ku paji ya uso, maana kichwa inamuuma na anaona vimulimuli muchana.

Sasa nisaidie, mama. Nipake nini ku uso nirudishe kung'aa kwangu kabla bamama bajue? Kitambaa inanichoma, na meno nimebakisha chache za kudanganyia.

Ni miye, Kaswera

*

Kaswera mwanangu,

Wasomaji wa gazeti wataliona jibu hili leo, lakini wewe jibu langu la kwanza ulilipata zamani, na afadhali. Nilizalisha wanawake miaka ishirini na miwili kabla ya kukaa kwenye kiti hiki cha ushauri. Barua yako ilinichekesha mpaka nikamwaga chai, kisha nikafika pale kwenye vimulimuli vya mchana, kicheko kikakatika. Umeandika kurasa nne juu ya uso wako na mistari michache juu ya mwanamke anayekaribia kufa! Asubuhi ile ile nilimpa dereva wa basi la Bwera karatasi akupelekee mkononi: "Feresita hajanenepa, amevimba. Uso, miguu, pete, kichwa, vimulimuli, yote ni ugonjwa mmoja, na unaua mama na mtoto. Mpeleke hospitali leo. Usingoje kesho."

Ulikwenda, na kwa hilo nakupa mkono. Barua yako ya pili umeniruhusu niichape na majina yote, ili wanawake wa soko wasikie. Basi nawapa kipande chake kama ulivyokiandika:

"Nilimukuta amekaa ku mulango, miguu ndani ya beseni ya maji. Nikasema tuende hospitali. Akacheka. 'Kaswera, ni wivu, maana sasa miye ndiyo nang'aa.' Zedekia akasema nikae kwanza ninywe chai. Nikafungua kitambaa. Nikasema, 'Feresita, nitazame. Hii ndiyo uso ya mutu anapaka ile pomadi kila siku. Ni mawese na mchaichai tu. Kung'aa kwangu ilikuwa mimba, na kung'aa kwako ni ugonjwa.' Akatazama mabaka, akatazama pengo ya jino. Kisha akaniuliza pole pole, 'Na mutoto? Mutoto wangu pia ni uongo?' Nikasema, 'Hapana, mutoto ni wa kweli, ndiyo maana tunakimbia.' Zedekia akaacha chai. Alimubeba juu ya kiti, yeye na ndugu zake, mpaka barabarani, tukapanda lori ya kahawa mpaka Kasese. Daktari alisema tungelala nyumbani usiku moja tu, angeanguka kifafa. Alizaa kesho yake, mwanaume, mudogo sana, lakini analia kwa nguvu. Feresita hakusema na miye siku mbili. Siku ya tatu alinipa mutoto nimubebe wakati anakunywa uji. Hajanisamehe, lakini alinipa."

Sasa tuje kwenye uso wako, maana najua ndio unaokuweka roho juu.

Hakuna kilichoharibika. Umezaa, mwanangu, na mwili wa mzazi hufanya hivyo. Ngozi iling'aa kwa sababu ya mimba, na mabaka yameletwa na mimba hiyo hiyo. Mengi yatafifia polepole. Vaa kofia pana juani, oga kwa sabuni ya kawaida ukiipata, na usithubutu kujipaka dawa kali za kuchubua uso, wala kujisugua kwa chumvi. Nywele huanguka miezi michache baada ya kuzaa, kisha huota tena, usizivute kwa misuko ya kubana. Michirizi ya tumbo itapauka lakini haitaondoka. Mimi ninayo ya watoto sita, na mume wangu hajawahi kuomba arudishiwe mahari. Kula maharagwe, kisamvu, samaki, kunywa maji mengi, lala mtoto anapolala. Sosthène atachota maji, mwambie mimi nimesema. Na jino likiuma kweli siku moja, nenda kwa mganga wa meno, umwache Katembo na koleo lake kule Kikorongo.

Lakini nina ugomvi na wewe. Kuficha mimba ya miezi miwili silaumu hata kidogo, wengi tumeficha. Lakini yule aliyengoja miaka minane ulimwacha aamini kwamba mkebe wako ndio mkunga wake, kwa sababu imani yake ilikupendeza. Haya, siku ya soko simama mbele ya meza yako bila kitambaa, uso wazi, useme kwa sauti ya kumfikia hata Mariat: haya ni mafuta ya ngozi kavu, hayaleti mimba, hayalindi mimba. Watakucheka, tena sana. Wacheke. Ngozi kavu zipo kutoka Karambi hadi Kitswamba, watarudi.

Na mama mwenye mimba akija, muulize kwanza ameenda kupimwa lini. Akisema bado, mkebe ubaki mezani. Kisha mtazame miguu na uso. Ukiona amevimba, au akikwambia kichwa kinamuuma, macho yanaona vimulimuli, au ametokwa na damu, usimuuzie kitu. Funga meza yako, mshike mkono, na lori la kwanza likisimama, mpande nyote wawili.

Mama Naome