Turbo ya Moto na Salamu za Bibi

Jumamosi, Juni 14

Leo sifichi kitu, hata kwamba Bibi alinuna.

Gari la mbio ambalo Mjomba Masanja analijenga lilifika Kasokola na kurudi bila kuchemsha. Likiendelea hivi, tutalipeleka kwenye uwanja wa mbio.

Tuliporudi, Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Kwetu, kumsalimia mkubwa gari likinguruma ni kukosa adabu. Mjomba akashika ufunguo.

"Usizime, Mjomba. Turbo bado ya moto, oili itaungulia ndani."

Nikashuka mimi, nikapiga magoti vumbini. Nikauliza habari za ng'ombe, za mpunga, za mgongo wake, taratibu, ili turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, ipoe.

"Na huyo mjomba wako amekatika miguu?"

"Anapoza gari, Bibi."

"Na mimi nani atanipoza?"

Mwishowe Mjomba akazima, akaja kuinama mbele yake. Bibi akacheka. Mjomba akaninong'oneza, "Ungeninyamazia, ningeiua turbo."

Sasa nikifumba macho naona lami nyeusi na kona ndefu, na injini inaimba.

Gari lina viti viwili. Daftari langu, nijibu kabla ya misa ya kesho: siku ya uwanjani nitakaa kiti kipi, cha usukani au cha pembeni?